Namna ya kuingiza bioanuai katika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji: mwongozo kwa halmashauri na watendaji

Watendaji wa vijiji, maafisa mazingira wapya na madiwani waliochaguliwa kwa mara ya kwanza huuliza maswali yaleyale: ni sheria ipi inayotulazimisha kulinda misitu na viumbe, nani anawajibika kwa lipi, na tuanzie wapi? Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015 na mfumo wake wa ardhi, kwa hiyo msomaji wa huko asitumie vifungu vya hapa.

Ninashikilia jambo moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Wajibu wa mamlaka ya umma kuhusu bioanuai, yaani wingi wa aina za viumbe hai, hutimizwa kwenye ramani, kwenye muhtasari wa mkutano na kwenye sheria ndogo, kabla mwombaji wa ardhi hajafika ofisini. Halmashauri nyingi hupanda miti kila mwaka katika maadhimisho na kuandika taarifa nzuri, huku msitu wa asili uliokuwa na aina nyingi zaidi za miti ukigawiwa mashamba kwa sababu haukuchorwa popote. Upandaji miti ni kazi njema, lakini haufuti kosa hilo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Uwe na nakala za sheria hizi, zilizochapishwa au za kielektroniki: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 (Sura ya 191), Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 (Sura ya 114), Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 (Sura ya 116), Sheria ya Misitu ya 2002 (Sura ya 323), Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 (Sura ya 283) pamoja na kanuni zake za mwaka 2018 kuhusu shoroba (njia wanazopita wanyamapori kutoka eneo moja hadi jingine), Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 (Sura ya 287). Kwa kuwa tangu tarehe 1 Julai 2025 linatumika Toleo la Mwaka 2023 la sheria zilizofanyiwa urekebu, linganisha namba ya kila kifungu na toleo hilo kabla ya kukinukuu katika barua. Namba ninazotaja hapa ni zile za sheria zilivyotungwa.

Hakikisha pia kwamba kijiji kina Cheti cha Ardhi ya Kijiji na ramani ya upimaji wa mipaka yake. Bila hivyo, mpango wowote mtakaouandaa unaweza kupingwa na jirani siku ya kwanza utakapotumika. Mengine ni madogo: kifaa cha GPS au simu yenye programu ya kuchukua majira ya nukta (namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani), picha ya satelaiti ya eneo lote, daftari la mahudhurio, na timu ya wilaya ya upangaji shirikishi wa matumizi ya ardhi ambayo ndani yake wamo afisa ardhi, afisa misitu, afisa wanyamapori, afisa mifugo, afisa maendeleo ya jamii na afisa mazingira.

Hatua ya 1: Andika kwenye karatasi moja wajibu wa kila ngazi

Ibara ya 27 ya Katiba inamtaka kila mtu kulinda maliasilia za Jamhuri ya Muungano. Wajibu huo ni wa jumla, na afisa anahitaji ulio mahususi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira inataka kila mamlaka ya serikali za mitaa iwe na afisa usimamizi wa mazingira, iwe na kamati ya mazingira, na iandae mpango kazi wa mazingira unaoendana na ule wa Taifa. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi inaifanya Halmashauri ya Kijiji kuwa mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Kwa hiyo kijiji kinapanga kwa mamlaka ya sheria, na wilaya inakiwezesha na kukisimamia.

Makosa ya kawaida hapa ni afisa mazingira kuachiwa kazi yote peke yake kwa sababu cheo chake kina neno "mazingira". Afisa ardhi anayegawa kiwanja kwenye ardhioevu anavunja sheria ileile, na mhandisi anayechimba kifusi kingoni mwa mto vilevile.

Hatua ya 2: Hakikisha kamati zipo kwa maandishi

Katika halmashauri ya wilaya, mambo haya hupitia Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira. Katika kijiji inatakiwa kamati ya mazingira, pamoja na kamati ya usimamizi wa matumizi ya ardhi inayochaguliwa kwa ajili ya mpango. Tafuta muhtasari unaoonyesha siku zilipoundwa na majina ya wajumbe. Ikiwa haupo, itisha kikao na uziunde upya, na katika kuchagua wajumbe hakikisha wafugaji, wanawake na vijana hawaachwi, kwa maana mpango uliotungwa na wakulima peke yao utaacha njia za mifugo na za wanyamapori bila mtetezi.

Hatua ya 3: Kusanya taarifa za viumbe kabla ya kuchora chochote

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi kuliko zote. Ninaomba uipe muda mwingi kuliko nyingine yoyote.

Anza na wanakijiji. Warina asali wanajua miti inayochanua na miezi yake. Waganga wa tiba asili wanajua mimea iliyobaki mahali pamoja tu. Wachunga mifugo wanajua chemchemi ambazo hazikauki hata kiangazi kikali, na wakulima wa pembezoni wanajua tembo hupita wapi na mwezi gani. Waulize makundi hayo mbalimbali, kila moja kivyake, kisha tembea nao hadi mahali wanapopataja na uchukue majira ya nukta. Ikiwezekana, fanya matembezi haya wakati wa masika na tena wakati wa kiangazi, kwa kuwa kidimbwi kinachoonekana kama ardhi tupu mwezi Septemba kinaweza kuwa mazalia ya samaki na vyura mwezi Machi.

Baada ya hapo andikia taasisi zenye kumbukumbu: Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI) kuhusu shoroba, Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) kuhusu misitu, ofisi ya bodi ya maji ya bonde lenu kuhusu vyanzo vya maji, na, kama kijiji kiko pwani au ziwani, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI). Tathmini ya kitaifa ya shoroba iliyotoka mwaka 2022 iliorodhesha shoroba 61, na 20 kati yake zikapewa kipaumbele. Halmashauri ambayo eneo lake limo katika orodha hiyo haiwezi kusema kwamba haikujua.

Atakayeuliza kwa nini utafiti uje kwanza, mweleze habari za Kihansi. Mradi wa umeme wa Kihansi wa megawati 180, katika safu za Udzungwa, ulikuwa umekwisha kuanza kujengwa pale watafiti walipomgundua mwaka 1996 chura mdogo wa rangi ya dhahabu, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, na ambaye maisha yake yote yalitegemea manyunyu ya maporomoko katika eneo la hekta chache tu. Maji yalipochepushwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakapungua mno. Ikabidi Serikali igharimie mabomba ya kunyunyizia maji korongoni, na mwaka 2000 vyura wapatao mia tano wakapelekwa Marekani ili kizazi chao kisipotee. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini. Kizazi kilichohifadhiwa ng'ambo kilianza kurudishwa nchini mwaka 2010. Umeme ule nchi iliuhitaji na bado inauhitaji. Lakini utafiti wa viumbe ungetangulia usanifu, kiasi cha maji ya kuachwa mtoni kingejadiliwa mapema, kabla ya zege kumwagwa.

Hatua ya 4: Chora maeneo ya kulindwa kwanza, mashamba baadaye

Katika vijiji vingi huchorwa makazi, mashamba na malisho, kisha kilichobaki ndicho kinachoitwa hifadhi. Geuza utaratibu huo. Kwenye ramani ya msingi weka kwanza mambo yafuatayo:

1. Ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mito, fukwe za bahari na maziwa ya asili, na mabwawa. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinakataza ndani yake shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuathiri uhifadhi wa maeneo hayo. Usipime kiangazi maji yakiwa yamesinyaa ukadhani umemaliza. Kubaliana na ofisi ya bonde kuhusu ukingo halisi, kisha weka vigingi.

2. Ardhioevu, chemchemi na miteremko mikali.

3. Ushoroba wa wanyamapori, kwa upana uliothibitishwa na wataalamu. Mstari mwembamba uliochorwa kuwaridhisha wakaguzi hauwezi kupitisha tembo, nao watapita mashambani.

4. Misitu ya asili, ikiwemo ile ya matambiko na makaburi ya kale, ambayo mara nyingi imetunza miti iliyokwisha kwingineko kwa sababu hakuna aliyethubutu kuikata.

5. Maeneo ya malisho yanayotunzwa kwa mila, mfano ngitili za Wasukuma. Huko Shinyanga, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza mwaka 1986 ulijengwa juu ya desturi hiyo, na sehemu kubwa zilizokuwa jangwa zikarudisha nyasi na miti.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji inagawa ardhi ya kijiji katika ardhi ya pamoja, ardhi inayomilikiwa na watu binafsi au kaya, na ardhi ya akiba kwa matumizi ya baadaye. Yaweke maeneo haya yote matano ndani ya ardhi ya pamoja kila inapowezekana. Ukiyaacha katika "akiba", siku moja yatagawiwa, tena kihalali.

Hatua ya 5: Kaa na vijiji jirani

Msitu na mto havijui mpaka wa kijiji. Sheria inaruhusu mpango wa pamoja wa matumizi ya ardhi kwa vijiji vinavyotumia rasilimali moja, na wilayani Kiteto vijiji vya Lerug, Ngapapa na Orkitikiti vilitumia njia hiyo kulinda nyanda zao za malisho kwa jina la OLENGAPA. Muhtasari wa makubaliano usainiwe na pande zote, kila kijiji kibaki na nakala.

Hatua ya 6: Peleka rasimu Mkutano Mkuu wa Kijiji

Halmashauri ya Kijiji haiwezi kupitisha mpango peke yake. Rasimu huwasilishwa kwenye Mkutano Mkuu, ambao wajumbe wake ni wanakijiji wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Tundika ramani mahali pa wazi, ofisini na kwenye miti ya magulio, siku kadhaa kabla ya mkutano. Siku yenyewe ieleze kwa lugha ambayo watu wanaielewa, na pale penye wazee wasiofuata Kiswahili vizuri, weka mkalimani. Andika katika muhtasari idadi ya waliohudhuria, wanaume na wanawake, hoja zilizopingwa na namna zilivyojibiwa.

Onyo: usikusanye saini za posho ukaziambatisha kama mahudhurio ya mkutano. Mipango huweza kuanguka mahakamani kwa kasoro ya namna hiyo, na wanaoumia ni wanakijiji walioshiriki kwa nia njema.

Hatua ya 7: Tunga sheria ndogo

Ramani bila sheria ndogo haimzuii mtu yeyote. Rasimu huandaliwa na Halmashauri ya Kijiji, hujadiliwa na Mkutano Mkuu, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha huidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Iandike kwa vifungu vifupi: eneo linaloongelewa na mipaka yake, kinachokatazwa, kinachoruhusiwa kwa kibali, anayetoa kibali, ada, adhabu, na mapato yanakokwenda. Faini isizidi kiwango kinachoruhusiwa na sheria mama, kwa maana kifungu kinachozidi mamlaka yake ni batili hata kama kijiji kizima kilikipigia makofi. Mpe mwanasheria wa halmashauri rasimu mapema, wakati bado kuna nafasi ya kuirekebisha.

Kwa msitu, nenda mbali zaidi ya sheria ndogo. Chini ya Sheria ya Misitu, kijiji kinaweza kutangaza Hifadhi ya Msitu wa Ardhi ya Kijiji, kikawa na mpango wa usimamizi na kamati ya maliasili, na mapato ya mazao yanayovunwa kihalali humo yakabaki kijijini. Msitu wa SULEDO, huko huko Kiteto, ulianza kusimamiwa na vijiji wakati wengi waliamini kwamba Serikali pekee ndiyo inayoweza kulinda msitu, na mwaka 2002 jamii hiyo ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kijiji kinachoona faida ya mninga na asali yake hakihitaji kusukumwa kulinda.

Hatua ya 8: Ingiza kazi katika mpango na bajeti ya halmashauri

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini maandalizi ya bajeti huanza miezi mingi kabla. Vigingi, mabango, doria na mafunzo ya kamati visipoingia kwenye makadirio wakati huo, havitakuwapo mwaka mzima. Pia, halmashauri inapoandaa mkakati au mpango mkubwa unaoweza kuathiri mazingira, ikumbuke kwamba kifungu cha 104 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinahusu Tathmini ya Mazingira Kimkakati, na iwasiliane na wizara yenye dhamana kabla ya kuupitisha mpango huo.

Hatua ya 9: Tumia mpango kila maombi yanapokuja

Fungua rejista. Kila ombi la ardhi, machimbo ya mchanga, kiwanda, mnara au skimu ya umwagiliaji lilinganishwe na ramani kabla ya kwenda kikaoni. Kwa miradi inayohusika, kifungu cha 81 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinamtaka mwenye mradi afanye Tathmini ya Athari kwa Mazingira kabla ya kuanza, na cheti hutolewa kupitia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Kanuni za tathmini hiyo, zilizorekebishwa mwaka 2018, zimegawa miradi katika makundi. Mtendaji wa kijiji hapaswi kukisia kundi la mradi, aulize kwa barua.

Halmashauri huombwa maoni kuhusu ripoti za tathmini hizo, nayo mara nyingi hujibu kwa aya moja ya "hatuna pingamizi". Soma sura ya viumbe. Angalia wataalamu walikwenda msimu gani, kama walizungumza na wanakijiji, kama spishi zilizotajwa zinapatikana huko kweli au zimenakiliwa kutoka ripoti ya mkoa mwingine, na kama hatua za kupunguza madhara zina mtekelezaji, muda na gharama. Kumbuka kwamba wajibu huu unaihusu halmashauri yenyewe pia inapojenga: soko, stendi au barabara ya halmashauri haipati msamaha kwa kuwa ni mali ya umma.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Watu wanalima tayari ndani ya mita 60.* Usianze na fyekeo na mgambo. Orodhesha kaya, tenganisha waliokuwapo kabla ya mpango na waliovamia baadaye, tafuta pamoja na Mkutano Mkuu ardhi mbadala au mazao yasiyovuruga ukingo, na weka muda wa kuondoka ulioandikwa. Muda ukipita, sheria ifuate mkondo wake kwa wote, akiwemo mwenye cheo.

*Kuna mgogoro wa mpaka na hifadhi ya Taifa au ya msitu.* Sitisha kuchora sehemu hiyo tu, usisitishe mpango mzima. Andika kwa Kamishna wa Ardhi kupitia mkurugenzi, ukiomba wapimaji wa pande zote wasome Tangazo la Serikali la mpaka huo wakiwa uwandani pamoja.

*Mwekezaji amekuja na barua kutoka ngazi ya juu.* Pokea barua, igonge muhuri, na ueleze utaratibu. Mtu asiye raia hawezi kupewa hakimiliki ya kimila. Ardhi ya kijiji huhamishwa kuwa ardhi ya jumla (ardhi ya umma isiyo ya kijiji wala ya hifadhi) kwa mamlaka ya Rais na baada ya wanakijiji kusikilizwa. Barua ya utambulisho haiondoi hatua hata moja kati ya hizo, na mtendaji anayelijibu hilo kwa maandishi na kwa heshima hujilinda yeye mwenyewe na kijiji chake.

*Sheria ndogo imekwama wilayani.* Mara nyingi imekosa muhtasari wa Mkutano Mkuu au maelezo ya mipaka. Uliza kwa maandishi kasoro ni ipi, irekebishe, na umwombe diwani wa kata aifuatilie katika Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira.

*Wanyama wanavamia mashamba na wananchi wanaulaumu mpango.* Toa taarifa kwa afisa wanyamapori mapema iwezekanavyo ili madai ya kifuta machozi na kifuta jasho (malipo ya Serikali kwa walioathiriwa na wanyamapori) yasichelewe. Kisha rudi kwenye ramani na wataalamu: ama mashamba yamesogea ndani ya ushoroba, ama ushoroba ulichorwa pasipo penyewe. Ikiwa ni la pili, rekebisha mpango kupitia Mkutano Mkuu kwa utaratibu uleule uliotumika kuupitisha, uandike tarehe ya marekebisho kwenye ramani, na ramani ya zamani iondolewe ukutani siku hiyohiyo.